Familia ya wamisionari inapohamia Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wachungaji, wazee wa kanisa na kamati za mapokezi wanaotarajia familia kutoka nje ya nchi, na mengine huulizwa na familia zenyewe. Majibu yamelenga Jiji la Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela, lakini mengi yanafaa pia Sengerema, Magu, Ukerewe na Musoma. Tunaamini jambo moja bila kusita: familia ikirudi kwao ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi chanzo ni maandalizi ambayo wenyeji walidhani Mungu atayafanya wao wakiwa wamekaa. Maombi ni ya lazima, na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria nazo ni za lazima.

Tuanze kujiandaa lini?

Miezi 6 kabla ya tarehe ya safari, na kazi ya kwanza ni karatasi. Nyumba nzuri inaweza kupatikana ndani ya wiki mbili. Cheti cha chuo kilichosahaulika kabatini Brazil au Korea huchukua muda mrefu zaidi, na bila hicho maombi yote yanasimama.

Mmisionari anahitaji vibali gani hasa?

Viwili, kwa utaratibu huu. Kwanza kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Ajira kwa Wageni ya 2015. Kwa anayefanya kazi katika taasisi ya dini au ya hisani iliyosajiliwa, ni daraja D. Kikishatoka ndipo mnaomba kibali cha ukaazi Idara ya Uhamiaji, na kwa mmisionari ni daraja C. Maombi yote mawili hufanywa kwa mtandao. Mnapandisha nyaraka, mnapewa kumbukumbu namba, mnalipa benki au kwa simu, kisha mnafuatilia.

Andaeni pasipoti ambayo muda wake hauishi karibuni, picha za pasipoti, wasifu, vyeti vya elimu vilivyothibitishwa, mkataba au barua ya kazi yenye majukumu yaliyoandikwa wazi, na cheti cha usajili wa kanisa kutoka kwa Msajili wa Jumuiya. Cheti cha lugha nyingine kitafsiriwe kwanza kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo baadaye. Msiujaze mpango huo ili tu fomu ikamilike. Mtajeni mtu halisi, kijana wa pale usharikani mwenye wito, na afanye kazi bega kwa bega na mgeni tangu siku ya kwanza.

Kwa nini maombi mengi hukwama?

Sababu ni zilezile kila mara. Jina kwenye cheti ni la kabla ya ndoa, kwenye pasipoti ni la baada ya ndoa, na hakuna cheti cha ndoa kinachounganisha hayo mawili. Au usharika umeandika barua kwa jina lake wakati kilichosajiliwa ni dayosisi au kanisa mama, kwa hiyo mwombaji na cheti havioani. Au barua ya kazi inasema "kusaidia huduma" bila kueleza ni huduma gani, wapi, kwa muda gani na mshahara unatoka wapi. Barua inayosema "mkufunzi wa chuo cha Biblia, masomo ya Agano la Kale, miezi 24, anategemezwa na kanisa lililomtuma" hupita kwa urahisi zaidi.

Kosa zito zaidi ni kumleta mtu kwa viza ya utalii na kumpandisha madhabahuni Jumapili inayofuata huku mkisema vibali vitakuja. Hilo ni kosa la kisheria kwake na kwenu pia. Kumbukeni vilevile kwamba kibali hufuata mwajiri na kazi iliyotajwa. Mmisionari akihama kutoka kanisa moja kwenda jingine, au kutoka ukufunzi kwenda kuendesha zahanati, maombi yanaanza upya.

Je, mke au mume aliyekuja kama mtegemezi anaweza kufundisha au kutibu?

Hapana. Hati ya wategemezi inamruhusu kukaa, haimruhusu kufanya kazi. Kama mama wa familia ni muuguzi na mnatarajia ashike zamu, ombeni kibali chake mwenyewe tangu mwanzo. Daktari husajiliwa pia na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kutibu watu bila usajili, hata bure, hata chini ya mwembe wa kanisa, hakuruhusiwi.

Familia inatoka Kenya au Uganda. Wao nao wanahitaji hivi vyote?

Ndiyo. Viza hawahitaji, lakini kufanya kazi ya umisheni na kukaa kwa muda mrefu kunahitaji vibali vyote viwili. Na msidhani kwamba kwa kuwa wanajua Kiswahili hawana la kujifunza. Kiswahili cha Nairobi kikisemwa mbele ya wazee wa Misungwi kinaweza kusikika kama amri tupu. Waambieni mapema kwamba huku "naomba", "samahani" na salamu ndefu hutangulia kila jambo.

Walete mizigo gani, na wanunue nini hukuhuku?

Vitanda, meza, makabati na majiko wanunue hapa. Mafundi wa Mwanza wanatengeneza samani imara kwa mbao za mninga na msaji. Walete dawa wanazotumia kila siku za miezi 3 pamoja na karatasi ya daktari, miwani ya akiba, vitabu vya watoto na viatu vya watu wenye miguu mikubwa.

Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, mtu anayehamia anaweza kusamehewa ushuru wa vitu vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia, mradi viingie ndani ya siku 90 tangu awasili. Gari husamehewa moja tu, na liwe lilikuwa mali yake na amelitumia huko kwa angalau miezi 12. Kontena linaloshushwa Dar es Salaam bado lina zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kufika huku, na kila siku linayolala bandarini kwa kukosa karatasi ina gharama. Kwa maoni yetu, familia ya kawaida haihitaji kontena. Masanduku ya ndege yanatosha.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, maana huombwa kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na safari nyingi za kuja huku hupitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa.

Tutafute nyumba mtaa gani, na tukague nini?

Mtaa utegemee kazi. Mkufunzi anayefundisha upande wa Nyegezi asipangiwe nyumba Pasiansi, kwani foleni ya kuvuka mjini itamla saa mbili kwa siku. Capri Point na Isamilo ni tulivu na kodi yake ni kubwa. Buhongwa, Mkolani, Kiseke na Nyakato zina nyumba za familia zenye uwanja, na majirani ni watu wa kawaida ambao familia itajifunza lugha kwao. Sisi tunapendelea huko. Familia iliyofungiwa ndani ya geti kubwa mlimani huzungumza Kiingereza mwaka mzima.

Nendeni kukagua mchana na mrudi tena usiku, ili msikie kama jirani ni baa. Fungueni bomba la juu kabisa, si lile la uani, maana nyumba zilizo juu ya miamba hupata maji yenye msukumo mdogo au kwa mgao. Ulizeni shimo la choo lilinyonywa lini na kama gari la majitaka linaweza kulifikia. Kwenye vilima vyetu ziko nyumba ambazo hata toroli halipandi. Angalieni mfereji wa mvua unakatiza wapi, kwa kuwa mvua moja ya Aprili hushusha mawe na matope. Wavu wa madirishani uguswe kwa mkono dirisha moja baada ya jingine. Tundu la kidole kimoja linatosha mbu kuingia usiku kucha.

Kodi ya nyumba ilipwe vipi?

Wenye nyumba wengi hutaka miezi 6 au mwaka mzima mbele, na dalali hutaka kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Mkataba uandikwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, kwa hiyo mwenye nyumba anayedai dola akumbushwe kwa heshima. Kanisa likiwa ndilo mpangaji, linapaswa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA (Mamlaka ya Mapato). Mwambieni mwenye nyumba kabla ya kusaini, si baada. Kubalianeni pia kuhusu kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida hukatwa Sh 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla). Ni ya mwenye nyumba kisheria, ila mita ikiwa ya mpangaji ndiye anayeilipa asipokuwa makini.

Ndani ya wiki ya kwanza mpelekeni baba na mama wa familia kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, wakiwa na nakala za pasipoti na vibali. Majirani wakijua ni nani na amekuja na nani, ulinzi wa nyumba unakuwa umeanza.

Maji ya bomba yananyweka?

Yachemsheni. Mwanza ipo mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kabla ya nyuzi 100, lakini dakika 1 ya mapovu makubwa inatosha kuua vijidudu. Yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Yakipoa yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba. Kikombe kinachochovywa ndani na mkono usionawiwa hurudisha kila kitu mwanzo. Vidonge vya klorini ni vya safari, na baada ya kuviweka msubiri dakika 30.

Familia ya watu 5 inayotumia lita 60 kila mmoja humaliza lita 300 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 linawafikisha siku 6, na hicho ndicho kiwango cha chini tunachoshauri. Msingi wake uwe wa zege, kwa sababu maji hayo peke yake yana uzito wa tani 2, na vyuma vya kuchomelea ovyo hupinda.

Vifaa vya umeme kutoka Marekani vitafanya kazi?

Umeme wetu ni volti 230, na plagi ni ile ya pini tatu za mraba. Chaja za simu na kompyuta nyingi zimeandikwa 100–240 V, hizo zinahitaji adapta tu. Kifaa kilichoandikwa 120 V kikichomekwa moja kwa moja kinaungua papo hapo, na adapta haibadilishi volti. Mashine ya kusaga ya wati 500 inahitaji transfoma ya wati 1,000 hivi, ambayo ni nzito na hugharimu kuliko mashine mpya ya dukani. Waache nyumbani pasi, vikaushia nywele na mashine za jikoni.

Friji iwekewe kifaa cha kuilinda, kinachosubiri dakika kadhaa umeme unaporudi, maana mshtuko wa kurudi ndio unaoua kompresa. Ukanda wa Ziwa una radi nyingi mno. Anga likijifunga, chomoeni televisheni, ruta na kompyuta, wala msitegemee kuzizima tu swichi.

Malaria: tuwaambie nini bila kuwatisha?

Waambieni ukweli wote. Kanda ya Ziwa ina malaria mwaka mzima, na mtoto mgeni hana kinga ambayo watoto wetu wakubwa wameijenga. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote kabla ya jua kuzama, na kirefu kiasi kwamba mguu wa mtoto hauegemei wavu. Kuhusu dawa za kinga, daktari aamue kwa kila mmoja kwa umri na uzito.

Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, siyo kesho. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Malaria ya kawaida ikithibitishwa, mtu mwenye kilo 35 au zaidi hunywa ALu (dawa mseto ya malaria) vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili huwa muda wa saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni. Anywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu dawa hii hufyonzwa vibaya tumboni pakiwa patupu. Kinachoharibika mara kwa mara ni hiki: siku ya pili mgonjwa anajisikia vizuri, vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini, na baada ya wiki mbili homa inarudi. Mtoto anayetapika kila kitu, anayedegedega au aliyelegea asipewe vidonge nyumbani. Akimbizwe hospitali kwa sindano.

Na wakienda kwao likizo, homa ikiwapata hata baada ya miezi, neno la kwanza kwa daktari liwe "tunaishi Tanzania, penye malaria". Huko madaktari wengi hawaifikirii.

Watoto wanaweza kuogelea ziwani?

Tunashauri wasiogelee. Ziwa Victoria lina kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na hujaa zaidi kuanzia saa 4 asubuhi hadi alasiri, palepale penye nyasi na maji yaliyotulia ambapo watoto hupenda. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa kwa kuoga yatekwe na yakae saa 48 kwenye chombo kisicho na konokono, au yachemshwe.

Aliyekwisha kuingia majini apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi ya hapo kipimo hakioni kitu, na dawa ya prazikwanteli haiui minyoo michanga. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hunywa vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Huchefua na kutia kizunguzungu siku hiyo.

Mbali na kichocho kuna mamba na viboko. Msimwamini mtu anayesema ufukwe wake hauna.

Wakiugua sana wapelekwe wapi?

Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa. Andikeni kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni kwa ndani: njia ya kwenda, namba za dereva wawili wenye gari, makundi ya damu ya familia, mizio ya dawa, na namba ya bima. Bima iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam au Nairobi. Bima nyingi za kwao hazina, na hilo hugundulika usiku wa manane.

Akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.

Wajifunze Kiswahili au Kisukuma?

Kiswahili kwanza. Makoko, pale Musoma kandokando ya ziwa, pana chuo cha lugha kilichoanzishwa na Mapadre wa Maryknoll, na wamisionari wa madhehebu mengi wamepita hapo. Wapo pia wanaokwenda Morogoro kwenye kozi ya Walutheri. Kozi ya miezi 3 au 4 huwapa msingi. Baada ya hapo kinachowafanya waongee ni soko la Kirumba, siti ya daladala na ibada za nyumbani.

Wote wawili wasome, baba na mama, kwa saa sawa. Tumeliandika hili kwa nguvu kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Baba anapelekwa shule, mama anabaki na watoto, na baada ya mwaka mama ndiye asiyeweza kubishana bei ya sato wala kumjibu jirani. Kanisa litoe mtu wa kukaa na watoto saa hizo.

Kisukuma kije mwaka wa pili kwa wanaohudumu vijijini. Hata hivyo "mwangaluka" asubuhi na "wabeja" baada ya kupewa kitu viwe midomoni mwao tangu wiki ya kwanza. Watoto wafundishwe shikamoo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kila mkubwa, na wasisubiri kusukumwa bega. Na wajue "Bwana Yesu asifiwe" na "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwaje, maana watasalimiwa hivyo hata dukani.

Mwaka wa kwanza wapewe kazi gani?

Ndogo. Miezi ya mwanzo lugha na kutembelea watu, kisha kazi moja yenye mipaka chini ya mtu anayejulikana kwa jina. Asipewe ufunguo wa stoo, saini ya benki wala uenyekiti wa kamati. Huo ni upendo, kwa sababu mgeni mwenye saini ya benki hupata marafiki wengi haraka na hajui ni yupi wa kweli.

Historia ya ziwa hili inafundisha jambo. Wamisionari wa CMS (shirika la umisheni la Kianglikana) Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba 1877, katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Hawakuuanzisha ugomvi ule. Kanisa lenye mivutano ya uongozi lisimtumie mgeni kama ngao ya upande mmoja. Baadaye injili ilishika mizizi: Wamisionari wa Afrika (White Fathers wa Kanisa Katoliki) wakaanza Bukumbi 1883, AIM (Africa Inland Mission) ikapokea Nassa kutoka kwa CMS 1909, Wamenonaiti wakafika Shirati 1934. Makanisa yaliyozaliwa hapo leo yanaongozwa na Watanzania, na anayefika sasa anafanya kazi chini ya askofu na mchungaji wa hapa. Aambiwe hivyo kabla hajapanda ndege.

Watoto wasome wapi?

Isamilo International School ipo mjini na hufuata mtaala wa Uingereza. Zipo shule binafsi za mtaala wa Tanzania zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo mwaka wake huanza Januari. Shule za serikali za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto wa miaka 5 au 6 anayeanzia hapo huongea kama wenzake ndani ya mwaka mmoja. Wa miaka 12 asitupwe humo bila msaada. Familia nyingine hufundisha nyumbani, au hupeleka wakubwa bweni Kijabe, Kenya, kwenye Rift Valley Academy iliyoanza 1906. Anayefundishwa nyumbani apewe kwaya ya watoto, timu ya mpira au Shule ya Jumapili, la sivyo atakua akiiona Mwanza kupitia dirisha.

Dada wa kazi na mlinzi waajiriwe vipi?

Kwa mkataba ulioandikwa, na mshahara usio chini ya kima cha chini kilichotangazwa na serikali. Saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki, likizo ni siku 28 kwa mwaka, na mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla. Wageni mara nyingi hulipa mara mbili ya majirani kwa huruma, kisha wanashangaa majirani wamenuna. Walipe vizuri ndani ya kiasi cha mtaa, wasaidie ada ya shule kwa utaratibu. Mzee wa kanisa asilete binti wa ndugu yake kinyemela. Wapelekeeni watu watatu, familia ichague.

Kila siku mtu anagonga mlango kuomba fedha. Wafanye nini?

Wasikubali wala kukataa mlangoni. Wamkaribishe, wampe maji, wamsikilize, kisha waseme jambo hili nitalipeleka kwa mchungaji au kamati ya diakonia. Fedha za misaada zipite akaunti ya kanisa kwa risiti. Mkopo kwa rafiki wautoe tu kama hata usiporudi urafiki utabaki. Nanyi viongozi, msiwe wa kwanza kuomba. Mchungaji anayekopa kwa mgeni mwezi wa kwanza amepoteza nafasi ya kumshauri.

Msiba, wageni, chakula: yepi wasikosee?

Msiba wa jirani waende, hata kama hawamjui marehemu. Mama akae na akina mama chini kwenye mkeka akiwa na kanga, baba akae nje na wanaume, rambirambi iandikishwe kwa anayeshika daftari. Hawahitaji kusema mengi, pole inatosha. Mgeni akibisha hodi wakati wa kula, aambiwe karibu, na sahani iongezwe. Wakialikwa, wale walau kidogo. Ugali kwa sato hauwasumbui wengi, dagaa huwachukua muda, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) watoto huipenda.

Tunataka afanye mkutano wa injili na kufungisha ndoa.

Taarifa ya mkutano wa hadhara ifike polisi angalau saa 48 kabla, na serikali ya mtaa ijue. Ndoa ifungishwe tu na mchungaji mwenye leseni kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili). Mgeni asiye nayo ahubiri, mwenyeji afungishe.

Kwenda visiwani?

Kivuko au boti yenye maboya ya kutosha kila abiria, watoto wakiwa wameyavaa tangu kupanda, siyo wakiyakalia. Chombo kikijaa, msubiri kingine. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zinatosha kutufundisha. Kuelekea Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025 na limeondoa foleni ya kivuko pale.

Wamekuwa wakimya, hawaji tena kwenye ibada za nyumbani. Tumekosea wapi?

Huenda hamjakosea. Katikati ya mwaka wa kwanza uchovu hushuka: lugha imekwama, mtoto amelazwa mara mbili, babu amefariki kwao na hawakuweza kwenda kuzika. Dalili ni kukasirikia vitu vidogo, kulala mchana, kufunga geti. Mama wawili wa kanisa waende bila ajenda, wapike pamoja, waondoke. Wapewe siku moja kwa wiki ambayo hakuna anayegonga, na mtaa uambiwe siku hiyo. Wakipenda waende Serengeti au Saanane, wakae huko bila simu ya kamati. Isipopungua baada ya wiki kadhaa, au mmoja akisema hataki kuishi, daktari ahusishwe haraka, na kanisa lililowatuma lijulishwe kwa ridhaa yao.

Muda ukiisha, au wakiamua kuondoka mapema?

Angalieni tarehe za vibali miezi 3 kabla havijaisha, hasa kama likizo ya kwao inaangukia hapo, maana kibali kilichokwisha mtu akiwa nje humrudisha kwenye maombi mapya. Wakiondoka moja kwa moja, Uhamiaji na Kamishna wa Kazi wajulishwe kwa barua na vibali virudishwe. Mlinzi na dada wa kazi walipwe mshahara wa mwisho, likizo ambayo hawakuichukua na stahili zao nyingine, na wapewe barua za utumishi. Gari lililoingia kwa msamaha wa ushuru lisiuzwe kabla ya kuuliza TRA. Orodha ya mali ya kanisa iliyokuwa nyumbani isainiwe na pande mbili, mita ya maji isomwe mbele ya mwenye nyumba, na namba ya LUKU akabidhiwe yeye.